Mjadala: Uislamu wa pwani uliletwa na biashara au na upanga? Na tauni je?

Wakuu, salaam. Naleta hii mada kwa sababu kila ikitajwa Kilwa au Lamu watu wanagawanyika palepale. Wa kwanza wanasema dini ililetwa pwani na wenye majeshi wakawalazimisha babu zetu. Wa pili wanasema hapana, ni wafanyabiashara tu, watu wapole, walikuja na nguo na shanga wakaondoka na pembe, watu wakapenda tabia zao wakasilimu. Mimi sikubaliani na upande wowote hapo. Ninavyoona, biashara ya enzi zile ilibeba dini, ikabeba maradhi, ikabeba na utawala, lakini hivi vitu havikusafiri kwa namna moja hata kama njia ilikuwa moja, na tukivichanganya ndo tunabishana miaka yote bila kufika popote.

Tuanze na dini. Bahari yetu ina pepo mbili kubwa, kaskazi inaleta vyombo kutoka Ghuba, Uarabuni na India kuanzia kama Desemba mpaka Machi, halafu kuanzia Aprili hivi kusi inavirudisha. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Siraf, bandari ya Uajemi, au wa Aden kule Yemen akishafika huku hawezi kuuza leo akaondoka kesho, lazima akae mpaka upepo ugeuke, na akishuka kusini mpaka Kilwa anaweza kukaa muda mrefu zaidi. Miezi yote hiyo analala wapi? Mzigo wake analinda nani? Akidhulumiwa anamshtaki nani na kwa sheria ipi?

Jibu liko kwa Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita huku mwaka 1331. Anasimulia kwamba chombo kikiingia Mogadishu vijana wanatoka na vidau vyao, kila mmoja kashika chakula kimefunikwa, anampa mfanyabiashara mmoja anasema huyu ni mgeni wangu. Basi kuanzia hapo yule mgeni anashukia nyumba hiyo, mwenyeji anamuuzia mali na kumnunulia anachotaka, na mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja au akauziana naye bila mwenyeji kuwepo, hiyo biashara inahesabika batili. Yaani mwenyeji ndo dalali, ndo mdhamini, ndo ghala. Sasa jiulize, mwenyeji wa namna hii akisilimu anapata nini cha ziada zaidi ya imani yenyewe? Anapata kadhi mmoja na mgeni wake, anapata mkataba unaoeleweka mpaka Aden, anaweza kumkopesha mtu ambaye hatamuona mpaka msimu ujao na akalala usingizi. Na nisieleweke vibaya hapa, sisemi watu walisilimu kwa ajili ya pesa, imani ya mtu ni yake na Mola wake, nazungumzia mlango walioupitia.

Ushahidi wa udongo nao unasema hivyohivyo. Pale Shanga, kisiwa cha Pate, waakiolojia walichimba wakakuta chini ya msikiti wa mawe kuna misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, na ule wa chini kabisa ulikuwa kijumba kidogo cha miti cha mwishoni mwa karne ya 8. Kila ulipobomolewa ulijengwa mwingine mkubwa zaidi palepale. Kizimkazi kule Unguja kuna msikiti wenye maandishi ya jiwe ya mwaka 1107. Hebu pigeni hesabu, ni zaidi ya miaka 300 kutoka kijumba cha miti mpaka maandishi ya jiwe. Jeshi linaloteka mji halianzi kwa msikiti wa watu wachache.

Sasa kwa wale wanaosema mali ikifika na dini inafika, naomba waiangalie Great Zimbabwe, ule mji wa kale wa mawe huko bara, Zimbabwe ya leo. Dhahabu ya nyanda zile ilishuka Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ikapanda Kilwa, na kule juu zimeokotwa kaure za China, shanga za kioo, hata sarafu ya sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman. Msikiti haujaonekana! Mali imefika, dini haikufika, kwa sababu wageni hawakuweka makazi pale. Linganisheni na Ghana ya zamani kule Afrika Magharibi, al-Bakri, mwandishi Mwarabu wa Andalusia, ameandika mwaka 1068 kwamba mji mkuu ulikuwa miji miwili, mmoja wa mfalme na mwingine wa Waislamu wenye misikiti 12, na mfalme hakuwa Mwislamu lakini mtunza hazina wake, mkalimani wake na mawaziri wake wengi walikuwa Waislamu. Pale walikaa. Kwangu hiki ndo kigezo, usiulize mzigo ulifika wapi, uliza nani alikaa.

Upande wa watu wapole nao usishangilie mapema. Huyohuyo Ibn Battuta anayemsifu sultani wa Kilwa kwa ukarimu anasema pia kwamba alikuwa anavamia nchi ya watu wasio Waislamu, anachukua ngawira na kutenga sehemu moja ya tano kama sheria inavyotaka. Anasimulia jinsi maskini mmoja kutoka Yemen alivyomuomba sultani nguo alizovaa mwilini, akapewa, na mwisho wake akaongezewa watumwa na mizigo ya pembe za ndovu. Watumwa hawa walikuwa watoto wa watu. Kwa hiyo upanga ulikuwepo, sikatai, ila angalieni nani aliushika na ulielekea wapi. Aliushika sultani wa hapahapa ambaye mji wake ulishakuwa wa Kiislamu siku nyingi, na aliuelekeza bara kutafuta ngawira. Haukusilimisha watu, maana bara ya nyuma ya Kilwa ilibaki na dini zake kwa karne nyingi baada yake.

Utawala sasa. Tarikh ya Kilwa, yaani kitabu cha kale cha habari za masultani wake, inasema Ali bin Hasan, yule Mshirazi, alikinunua kisiwa kwa mtawala wa pale kwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Iwe ilitokea hivyo au ni hadithi ya kuhalalisha ukoo, waliotunga walijua wanachosema, kwamba ufalme wao ulianza kwa kitambaa. Na João de Barros Mreno, aliyeandika karne ya 16, anasimulia mvuvi wa Kilwa aliyesukumwa na mkondo mpaka Sofala akakuta watu wa Mogadishu wanapata dhahabu kule, akarudi kumwambia sultani, na sultani akaingilia kati. Kuanzia hapo Kilwa haikuhitaji kuchimba dhahabu wala kusuka nguo, ilihitaji kukaa katikati na kutoza ushuru. Nendeni Husuni Kubwa pale Kilwa muone, ni kasri lenye vyumba kama mia, birika la pembe nane, na upande mzima wa ua na maghala. Sultani alikuwa analala na mzigo! Na mfalme wa Ghana niliyemtaja alifanya hivyohivyo kwa chumvi, dinari moja kwa kila punda anayeingia na shehena, dinari mbili akitoka. Wareno waliliona hili haraka sana, kamanda wao Almeida alipofika mwaka 1505 aliipiga Kilwa na Mombasa mwaka huohuo, akidhani ukiikamata milango utaikamata na biashara, lakini wafanyabiashara wakahamishia njia Angoche, pwani ya Msumbiji ya leo, na huko mto Zambezi. Kumbe mlango una nguvu mpaka pale watu wanapoamua kupita kwingine.

Maradhi ndo tofauti kabisa, na mfano wangu ni ile tauni kubwa ya karne ya 14. Karibu na ziwa Issyk-Kul, Kyrgyzstan ya leo, kuna makaburi ya Wakristo wa Kanisa la Mashariki waliokaa kwenye njia ya misafara, mawe yao yameandikwa Kisiria, na zaidi ya mia moja ni ya miaka 1338 na 1339, mengine yanataja wazi kwamba marehemu alikufa kwa tauni. Mwaka 2022 wanasayansi walitangaza kwamba wamekuta vinasaba vya kijidudu cha tauni kwenye mifupa ya hapo. Mnaona? Makaburi hayohayo yanaonyesha dini iliyopita kwenye ile njia na maradhi yaliyopita kwenye ile njia. Kufikia 1346 yako Caffa kwenye Bahari Nyeusi, 1347 yako Messina kule Italia na Alexandria kule Misri, 1349 yako Makka, 1351 Yemen. Ibn Khaldun, yule mwanahistoria, akiwa kijana alipoteza wazazi wote wawili Tunis kwa tauni hiyo. Ibn Battuta alikuwa Damascus mwaka 1348 akaona watu wanatoka miguu peku kuomba, Waislamu na Qurani, Wayahudi na Torati, Wakristo na Injili, mji mzima unalia. Tauni haikuhitaji mwenyeji wala kadhi wala miezi ya kukaa, ilihitaji nafaka, panya na viroboto, chombo kinatia nanga tu inatosha. Dini imechukua miaka 300 kutoka msikiti wa miti wa Shanga mpaka maandishi ya jiwe ya Kizimkazi, tauni imevuka Mediterania kwa miezi. Ndo maana jawabu la kwanza la maana nalo lilitoka mji wa biashara, Dubrovnik, Croatia ya leo, mwaka 1377, waliamua anayetoka kwenye maradhi akae siku 30 nje kwanza. Yaani walirudisha ule muda wa kukaa ambao tauni ilikuwa inauruka.

Nimeona hoja zimeanza kuingia, wacha nijibu chache.

Ndugu aliyesema tauni iliiua Kilwa na ndo maana Husuni Kubwa haikumaliziwa. Kaka, tarehe zinavutia, ni karne ya 14 hiyohiyo, nakubali. Lakini ujenzi kusimama siyo mgonjwa. Mpaka iletwe mifupa ya pwani yenye kijidudu kile, mimi siwezi kuandika tauni ilishuka Kilwa. Na ukweli ni kwamba haikuhitaji kushuka. Florence ilianza kupiga sarafu ya dhahabu 1252, Venice 1284, dunia ya Mediterania ikawa inaitaka dhahabu kwa nguvu, na Kilwa ikanenepa kipindi hichohicho. Wateja wakifa kule Misri na Italia, nani atanunua? Wapo wanahistoria wanaoueleza mdororo wa Kilwa kwa njia hii, na mimi hoja hii naiona nzito kuliko ya panya kushuka bandarini. Mji unaotegemea mnunuzi mmoja wa mbali unaweza kuuawa na ugonjwa ambao haujawahi kuuona.

Dada aliyeuliza mbona nazungumzia wafanyabiashara wanaume tu na wanawake wako wapi, umegusa penyewe kabisa na ningependa uendelee. Utafiti wa vinasaba uliotoka 2023, wa mifupa ya watu 80 wengi wao wa miji ya pwani, ulionyesha kwamba upande wa mama karibu wote ni wa Afrika, na upande wa baba wengi wametoka Asia, hasa Uajemi. Sasa nyumba ile ya mwenyeji ilikuwa ya nani? Watoto walilelewa na nani, waliongea lugha ya nani? Mpaka leo tunaongea Kibantu, hatuongei Kiajemi. Mgeni aliingia kwenye ukoo, hakuuleta ukoo. Wanawake wenye nyumba, wenye jamaa bara na wenye kujua nani wa kuaminika, ndo waliomfanya mgeni awe mtu wa mji, na vitabu vya kale havikuwataja kwa sababu waandishi walikuwa wageni waliokaa barazani.

Mzee wangu aliyesema utafiti huohuo unathibitisha kwamba Waajemi ndo walijenga, kwa heshima zote, shikamoo kwanza, lakini soma na tarehe. Huo mchanganyiko wa damu unaanza kama mwaka 1000. Msikiti wa miti wa Shanga umetangulia kama miaka 200. Kwa hiyo mji ulikuwepo, wavuvi na wafua chuma walikuwepo, na hata Waislamu wa mwanzo walikuwepo kabla ndoa hazijawa nyingi. Wageni waliongeza, tena waliongeza sana, sipunguzi mchango wao, ila walikuta kitu.

Na yule anayesema tuache haya kwa sababu yanachochea udini, hapana. Tusipoyazungumza kwa tarehe na ushahidi watayazungumza wengine kwa chuki, na vijana wetu ndo watakaosikiliza.

Kwa hiyo mjadala uko wazi. Anayetetea upanga anitajie mji mmoja tu wa pwani uliosilimishwa na jeshi kabla ya mwaka 1300, ni mji gani na aliyeandika ni nani. Na anayetetea biashara ya upole anieleze wale watumwa aliopewa maskini wa Yemen walitoka vijiji gani, na kwa nini Tarikh ya Kilwa imewataja masultani kwa majina na baba zao na haina hata jina moja la hao.