Naomba ushauri: bunduki ipi ya zamani kwa msimu wa grausi?

Wakuu, habari zenu. Nipo Maine, Marekani, na Oktoba hii naingia msituni kuwinda grausi, kwale wa huku. Ndege huyu mchokozi: anatulia kimya kichakani mpaka ukaribie kumkanyaga, halafu anaruka kwa kishindo, na una sekunde moja au mbili tu kabla hajapotelea mitini. Kwa hiyo nataka bunduki ya marisau iliyo nyepesi, na za zamani ndizo ugonjwa wangu.

Ya kwanza ni Fox Sterlingworth, geji 16 (kipimo cha upana wa mtutu), mitutu miwili iliyolala sambamba, triga mbili. Kitako chake cha mbao kimelainika pale shavu linapogusa, na ukiiweka begani inakaa yenyewe. Tatizo, nyingi za enzi hizo chemba zake, pale risasi inapokaa, ni fupi kuliko risasi za leo za inchi 2¾. Tena mtutu mmoja umebana sana mdomoni. Kwa ndege wa hatua ishirini, ni kumkosa au kumsaga.

Ya pili ni Ithaca 37 ya pampu (unavuta na kusukuma kishikio cha mbele kuingiza risasi), muundo wa mwaka 1937. Maganda yanatokea chini, na mimi ni mashoto, kwa hiyo hayanirukii usoni. Ila moyo hauitaki kama ile.

Mliowahi kutumia geji 16: fundi arefushe chemba, au nitafute tu risasi fupi? Na nikiupanua ule mtutu, nitakuwa nimeishusha thamani? Mwenye duka ananiwekea mpaka Jumamosi.