Betri ya alamu imevimba, nabadilisha tu au kuna shida nyingine?

Wakuu habari, nina alamu ya nyumbani, ile ya boksi ukutani na king'ora nje. Jana umeme umekatika ikalia kidogo ikazima, kufungua boksi nakuta betri (12V 7Ah) imevimba ubavuni na ina joto. Jamaa ananambia niweke ya lithiamu ndo zinadumu, kweli?

Jibu 1: Mkuu hiyo usiirudishie, ishakufa. Zima umeme wa alamu kwanza, chomoa waya mweusi halafu mwekundu, na hakikisha ncha hazigusani maana kabetri kadogo hako kakipiga shoti waya unawaka. Kabla hujafunga mpya washa umeme tena, pima waya za chaji kwa mita, inatakiwa volti 13.5 mpaka 13.8, ikizidi sana hapo bodi (saketi ya ndani ya boksi inayochaji) ndo inapika betri, utanunua mpya nayo itavimba tu. Ina miaka mingapi kwani? Hizi kawaida 3 hadi 5.

Jibu 2: Lithiamu achana nayo, chaja ya bodi hiyo ni ya betri za risasi na asidi kama hiyo yako.

Jibu 3: Ya zamani usitupe jalalani wala usichome, ndani kuna asidi na risasi, wapelekee wauza betri. Na kama una watoto angalia rimoti, kale kabetri ka kifungo mtoto akimeza kanaunguza koo ndani ya masaa 2, hapo ni hospitali mbio.

Mleta mada: Nimepima, 15.2 🤦 Natafuta fundi wa bodi. Betri ina miaka 2 tu.