Kujua foleni kabla ya kutoka nyumbani: Google, Ma3Route au kikundi cha WhatsApp?

Mwana_Umoja
Wadau, mamangu amepoteza kitambulisho na inabidi afike Huduma Centre ya GPO, kile kituo cha huduma za serikali hapa Nairobi. Miguu inamsumbua, hawezi kusimama sana, kwa hiyo nataka kujua foleni ikoje kabla hatujapanda matatu. Wengine huangalia ramani ya Google, wengine programu ya Ma3Route, wengine huuliza kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa. Ninyi mnaamini ipi?

DerevaWaThikaRoad
Ma3Route ni ya barabara tangu ianze 2012. Itakuambia kama Jogoo Road imeshikana. Foleni ya dirishani usiitafute huko.

Binti_Kasarani
Google haingoji mtu aandike. Inatumia simu za watu walioruhusu mahali walipo pajulikane, kisha inalinganisha na kawaida ya saa hiyo. Ni nzuri ya kuchagua siku. Lakini simu haisemi mwenyewe amekuja kufanya nini. Ukumbi uliojaa watu wanaohudumiwa haraka na ukumbi uliojaa watu wanaongoja mtandao urudi, kwenye ramani ni kitu kimoja. Kwa mama yako tofauti hiyo ni kubwa mno.

FundiPipeline
Mimi nasimama na WhatsApp, ila kwa masharti. Aprili 2022 mafuta yalipoadimika, "hapa petroli ipo" ilizunguka kutoka kikundi hadi kikundi. Ujumbe ukisambazwa hubeba saa ya aliyeusambaza, si ya aliyeona. Unafika, pampu imefungwa.

Siku hizi kwetu anayeripoti lazima ataje mahali, huduma, saa aliyoona na namba inayoitwa. Hiyo namba ndiyo muhimu kuliko yote. Tuseme saa tatu na dakika kumi wanaita 41, na saa tatu na dakika arobaini mwingine anaandika 56, huduma ileile. Hao ni watu 15 kwa nusu saa. Mwenye 88 amebakiza kama saa moja hivi, anaweza kumkalisha mzazi mahali anywe chai. "Watu ni wengi sana" haimsaidii mtu.

Wa_Githurai
Naongeza hapo: aliyekwama huandika, aliyehudumiwa huenda zake. Kikundi kikiwa kimya usidhani foleni ni fupi, na kikiwa na malalamiko matatu usidhani siku nzima imeharibika. Aliyemaliza naye aripoti! Na tafadhali, piga picha ya ubao wa namba, si nyuso za watu wala karatasi zao. Kenya tuna sheria ya ulinzi wa data tangu 2019.

Binti_Kasarani
@FundiPipeline nakubali, mradi kuna mwenzetu ndani. Asipokuwepo, nabaki na Google.

Mwana_Umoja
Asanteni sana. Siku nitachagua kwa Google. Asubuhi nitatangulia mimi nione wanaita kwa kasi gani, ndipo dada amlete mama. Kuna yeyote atakayekuwa GPO Jumanne? Nitaandika humu namba inayoitwa kila nusu saa, pamoja na huduma yenyewe.