Kwa nini mwanachuo wa ualimu alipe ada ili afundishe darasa la mtu mwingine?

Ndugu wanajukwaa,

Nimevumilia vya kutosha, na leo naomba niseme bila kumung'unya maneno. Mwanachuo wa ualimu anapofika hatua ya mafunzo kwa vitendo, hatua ambayo asipoikamilisha hapewi leseni hata kama amefaulu mitihani yote ya nadharia, anatakiwa awe shuleni tangu kengele ya asubuhi hadi kipindi cha mwisho, aandae azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula, na maandalio ya masomo, afundishe, asahihishe madaftari, ashike zamu, ahudhurie vikao vya walimu, na kwa muhula huo huo aendelee kulipa ada chuoni kana kwamba kuna mhadhiri anayemfundisha kila siku. Halipwi chochote. Chuo ninachosoma kimeongezea sharti kwamba katika kipindi hicho haruhusiwi kufanya kazi nyingine yoyote ya kumpatia kipato, kwa maelezo kuwa itampunguzia umakini. Nilipouliza ofisini kodi yangu ya chumba italipwa na nani wakati nikiwa makini, nilielekezwa nikasome mwongozo. Nimeusoma wote, na kuhusu kodi haukusema neno.

Sipingi mafunzo kwa vitendo, na yeyote atakayenijibu kwa kunieleza umuhimu wake atakuwa hajanisoma. Hakuna anayejifunza kutuliza darasa lenye watoto 40 kwa kukariri nadharia za malezi. Ninachopinga ni kwamba tukiuliza habari za malipo tunaambiwa sisi ni wanafunzi, lakini mwalimu akikosekana darasani tunakumbushwa kuwa sisi ni walimu.

Kwa upande wangu, mwalimu mlezi niliyekabidhiwa alichukua likizo muda mfupi baada ya mimi kuripoti, na vipindi vyake vyote vikaangukia kwangu. Simlaumu, kwa sababu likizo ni haki yake. Uongozi wa shule haukutafuta mwalimu wa kumshikia nafasi, ukasema hiyo ni fursa ya kupata uzoefu. Mwongozo ule ule unaonizuia kufanya kazi ya kipato unaeleza wazi kwamba mwanachuo asiachwe na darasa peke yake na asitumike kuziba pengo la mwalimu asiyekuwepo, ila ukurasa huo hakuna aliyeukumbuka, si shuleni wala chuoni.

Halafu kuna tathmini. Mkufunzi msimamizi alinikuta nikifundisha hesabu za sehemu. Mtoto mmoja alikuwa amesimama mbele akikunja karatasi ili awaonyeshe wenzake kwa nini theluthi ni kubwa kuliko robo, na darasa zima lilikuwa likibishana naye kwa furaha, jambo ambalo mwalimu yeyote anajua halitokei kila siku. Mkufunzi hakuinua macho. Alikuwa akikagua andalio langu la somo, akanipunguzia alama kwa sababu safu ya maoni ilikuwa tupu. Safu ya maoni hujazwa baada ya somo kwisha, na somo lilikuwa bado linaendelea! Nilipomweleza hivyo, alijibu kwamba wenzangu huijaza mapema. Kwa hiyo tunafunzwa kuandika kwamba wanafunzi wameelewa kabla hatujawafundisha, kisha karatasi hiyo ndiyo inayoamua nani anafaa kupewa leseni.

Tusidhani kwamba maajabu haya yako kwetu tu. Nchini Marekani, baadhi ya majimbo yaliwataka wanaoomba leseni wapite katika tathmini iitwayo edTPA, ambayo mwombaji huandaa maandalio ya masomo yanayofuatana, hujirekodi kwa video akifundisha, huandika kurasa nyingi za kujichambua, kisha hulipa dola 300 ili mtu asiyemfahamu, wala kuwafahamu wanafunzi wake, ampe alama. Malalamiko yalikuwa mengi, jimbo la Georgia likaachana na sharti hilo mwaka 2020, Washington mwaka 2021, na New York mwaka 2022. Kumbe sharti la leseni linaweza kufutwa, na shule hazikufungwa kwa sababu hiyo.

Kuhusu malipo, tusidanganywe kwamba haiwezekani. Ujerumani, aliyemaliza masomo ya ualimu chuo kikuu huingia katika kipindi cha matayarisho shuleni, ambacho katika majimbo mengi huchukua miezi 18 hadi 24, na hulipwa mshahara muda wote huo, mdogo kuliko wa mwalimu kamili, lakini mshahara. Jimbo la Michigan lilianzisha posho ya dola 9,600 kwa muhula kwa wanachuo walio katika mazoezi ya kufundisha. Australia ilianza Julai 2025 kuwalipa wanaosomea ualimu, uuguzi, ukunga na ustawi wa jamii wanapokuwa katika mafunzo kwa vitendo ya lazima, ingawa malipo hayo huangalia kipato cha mwombaji na si kila mtu anayapata. Hata hayo nayaona pungufu, lakini walau serikali hizo zimekiri kwamba mtu anayefanya kazi kutwa nzima anahitaji kula.

Najua watakuja wakongwe kusema kuwa nao walipita humo humo wakavumilia. Hongereni. Ila jiulizeni ni wenzenu wangapi waliokuwa na kipaji cha kufundisha wakaishia njiani kwa sababu hawakuwa na mzazi au mwenzi wa kuwalisha muhula mzima. Masharti ya namna hii hayachuji wasiojua kufundisha, yanachuja wasio na fedha, kisha wakubwa wanasimama kwenye vikao kulia kwamba walimu hawatoshi.

Na bado sijagusa kadhia ya hati ya polisi ya kuthibitisha kwamba mwombaji hana rekodi ya makosa. Kuwalinda watoto ni lazima na hilo halina mjadala. Lakini nililipia hati hiyo kabla ya kuruhusiwa kuingia shuleni, na sasa mamlaka ya leseni inataka nyingine, kwa kuwa ile ya kwanza imepitwa na muda wakati faili langu likiwa mezani kwao likisubiri saini. Ucheleweshaji ni wao, gharama ni yangu. Nimeandika barua kuomba hati ya awali ikubaliwe na sijajibiwa. Kama kuna mwanajukwaa aliyewahi kukataa kulipa mara ya pili na ombi lake likapita, naomba aeleze hapa alimwandikia nani na alitumia kifungu gani.