Wauza "mashine ya editing" hapa Tanga mnatuua na presha

Wakuu salaam, watu wa Ngamiani na Chumbageni mpo? Nina hasira hapa hata sijui nianzie wapi. Kazi yangu harusi, napiga mwenyewe naedit mwenyewe nyumbani Makorora, na desktop niliyonayo niliuziwa kwa maneno haya haya, "kaka hii i5, editing yoyote inapiga, 4K inateleza" (i5 ni aina ya prosesa za Intel). Inateleza wapi! Ukibonyeza iplay, picha inaenda fremu mbili tatu inaganda, kaswida inaendelea kuimba peke yake, halafu bibi harusi anatoka mlangoni anatokea kwenye kiti, hajatembea.

Nikarudi dukani, naambiwa ongeza RAM, yaani memori. Nikauliza kwenye magrupu, ongeza RAM. Haya nimeongeza, ilikuwa 8GB sasa 16GB, hela imeenda na kuganda kuko pale pale. Jamani hili neno RAM mmelishwa na nani? RAM ikiwa haitoshi si utaiona, fungua Task Manager ya windowsi video ikiwa inaplay uangalie kipi kinapiga mia. Kwangu memori haifiki hata nusu, CPU, yaani prosesa, ndo 100 muda wote, feni inalia mpaka jirani anauliza mnasaga nini humo ndani.

Sasa alichonificha yule jamaa ni hiki. i5 zinatofautiana mbingu na ardhi. Aliyonipa ni jenereisheni ya 4, ya mwaka 2013, zile za maofisini zinazoshushwa kwa makontena. H.264 na HEVC ni kodeki, yaani namna za kubana video. Chipu ile sehemu ya kufungua H.264 inayo, ya HEVC haimo, na ingekuwemo vipi wakati HEVC yenyewe imepitishwa mwaka huo huo. Simu na kamera nyingi za siku hizi zinarekodi HEVC ili faili liwe dogo, udogo wenyewe unatokana na kubana sana, kwa hiyo kufungua kila fremu ni mzigo, na kwangu mzigo wote unabebwa na prosesa yenye kori nne za mzee wa watu. Intel waliweka HEVC ya biti 8 kwenye jenereisheni ya 6, ya biti 10 (rangi zenye hatua nyingi zaidi) kwenye ya 7, na kama kamera yako inatoa ile biti 10 ya 4:2:2, inayobeba rangi nyingi zaidi, kwenye desktop za Intel unaanzia ya 11. Muuzaji anayajua haya, na kama hayajui basi auze mihogo. Nilimwambia kabisa mimi napiga harusi kwa 4K!

Na ile SSD, diski ya kasi, aliyonisifia nimefungua kava nikakuta ni ndogo ya windowsi tu, kazi zote zinalala kwenye hadidisiki inayogonga gonga. Hilo tuliache.

Kwa sasa naishi kwa proksi, yaani naiambia programu initengenezee nakala nyepesi za 720p za H.264, nakata na hizo, siku ya kurenda, yaani kutoa video kamili, inarudi kwenye faili orijino. Inasaidia sana, kama una mashine kama yangu anza na hilo kabla hujampa mtu hela ya RAM. Ila kuzitengeneza ni usiku kucha, na umeme ukikatika saa nane usiku, asubuhi nakuta skrini kiza. Ile efekti ya kuondoa kelele za feni kwenye sauti nayo naizima mpaka mwisho, ikiwashwa kwenye kila treki ndo mnyama analala kabisa.

Sauti kupishana na midomo, hapo desktop naitetea. Hilo la simu, fremu zake hazina idadi moja kwa sekunde, zinapanda zinashuka, akdi ikiwa ndefu unamkuta shekhe kashamaliza kuozesha, mdomo kaufunga, sauti ndo inaanza "nimekuozesha". Pitisha klipu za simu kwenye programu ya HandBrake uzifanye konstanti kwanza, yaani idadi moja ya fremu kila sekunde, ndo uingize kwenye taimlaini, pale unapopangia klipu.

Huku mama wa bibi harusi anapiga kila asubuhi, "mwanangu, wenyewe washarudi fungate, video bado?" Shikamoo mama, inakuja. Nimueleze nini, kodeki?

Ninachotaka: duka lolote Tanga mjini litakaloniruhusu nije na flashi yangu yenye klipu za harusi, nizifungue kwenye mashine yao pale pale kaunta, niziburute kwenye taimlaini, ndo nitoe hela. Jenereisheni ya 8 au ya 9 yenye SSD ya maana, 4:2:2 sipigi. Nikiomba hivyo madukani naangaliwa kama mwizi. Anayelijua duka hilo aje PM, na anayekuja kuandika ongeza RAM apite tu, asinijibu.