Mzee anayumba akifumba macho kutawadha: tatizo liko wapi?

Mleta mada: Wakuu, naomba ushauri. Mzee wa miaka 68, ana kisukari, anameza metformin mwaka wa 9 sasa. Mchana anatembea vizuri. Akifumba macho kunawa uso anapepesuka, na gizani anapapasa kuta. Nguvu za miguu anazo. Ni sikio, ubongo au neva?

Mchangiaji 1: Mkuu, kusimama wima kunategemea taarifa kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na hisia za misuli na viungo zinazouambia ubongo mguu uko wapi. Hisia hizo hupanda upande wa nyuma wa uti wa mgongo. Amri za kusogeza mguu hushuka kwa njia nyingine, ndiyo maana nguvu hazijapungua. Hisia zikififia, macho huziba pengo. Akifumba, anabaki na sikio tu, na halitoshi.

Mpimeni hivi: avue viatu, asimame nyayo zimegusana, macho wazi sekunde 30, kisha afumbe sekunde 30. Mtu awe karibu kumdaka, kwa sababu wengine huanguka ghafla. Wengi hukosea kwa kumwacha atanue miguu, kipimo kikaonekana safi. Akiyumba hata macho yakiwa wazi, serebela (sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo) nayo ichunguzwe.

Mchangiaji 2: Ongezeni kipimo cha dole gumba la mguu. Lishikeni kwa pembeni, kwa sababu ukilishika juu na chini mkandamizo unamtajia jibu. Lisogezeni milimita chache, naye amefumba macho aseme limepanda au limeshuka.

Metformin ikitumika miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12, ambayo neva na uti wa mgongo huihitaji, na kisukari chenyewe huharibu neva za miguu. Apimwe B12, picha kamili ya damu, HbA1c (wastani wa sukari ya miezi kama mitatu), na kaswende isisahaulike, kwani nayo huweza kuharibu uti wa mgongo. Tafadhali asipewe foliki asidi peke yake: kama B12 imepungua, damu itarudi sawa huku uti wa mgongo ukizidi kuharibika. Metformin asiiache bila daktari.

Mleta mada: Na sikio?

Mchangiaji 1: Sikio mara nyingi huja na kizunguzungu na kichefuchefu, hata mchana. Kwa sasa atawadhe amekaa kwenye kigoda, taa ya njia ya chooni iwake usiku kucha, na kandambili aziache. Avae viatu vinavyoshika kisigino, vikung'utwe kokoto kwanza. Ganzi ikipanda ndani ya siku chache, miguu ikilegea au mkojo ukigoma, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.