Laki mbili na nusu: jimu, unga wa kukoroga au baiskeli? Nataka kutoa kilo 35 (niko Mtwara mjini)

Mwenye_Genge
Wakuu habari za jioni. Kikoba chetu kimevunjwa wiki iliyopita, mgao wangu nimeupata, na nimetenga 250,000 kwa ajili ya kupunguza mwili tu. Nimeapa sitaigusa kwa ada wala kwa msiba. Nguo zote zimenikataa, nimebaki na mbili. Nataka zitoke kilo kama 35.

Nimezunguka nimepata njia tatu. Kuna jimu, mwezi 40,000, ukilipa miezi mitatu kwa mkupuo wanakuachia kwa 105,000. Kuna unga wa kukoroga, makopo mawili pamoja na chai yake, 230,000. Anayeuza anasema kilo 15 zinatoka kwa mwezi bila tizi. Ya tatu ni baiskeli ya mtumba niwe naendea kazini, na chakula nipike mwenyewe.

Naomba walioonja ndio waseme. Nawasilisha.

Kuchele_Damu
Mkuu umeleta uzi nusu. Una kilo ngapi sasa? Urefu? Umri? Kazi gani? Unaumwa chochote? Hata fundi cherehani anakupima kwanza ndipo anakata kitambaa.

Chuma_Shangani
Jimu. Uzi ufungwe.
Baiskeli ni usafiri. Unga ni uji wa bei mbaya. Ukibeba chuma msuli unajaa, na msuli unakula mafuta hata ukiwa umelala. Mimi nyama uzembe niliiaga kwa chuma, sijakimbia hata mita mia.

Mlo_Mmoja
Hela yako irudishe kikoba. Kula mara moja kwa siku, saa 10 jioni, basi. Nilikuwa 104, leo 86, sijatoa hata mia. Tangu Profesa Janabi, yule daktari wa moyo, aanze kutusema kuhusu midomo yetu mimi nilisikia, wengine mlicheka.

Mwenye_Genge
Nina kilo 118, urefu mita 1.60, miaka 41. Nina duka la vinywaji na vitu vidogo vidogo jirani na Soko Kuu, nakaa kutwa. Kula nakula kawaida tu, siyo mtu wa kula sana.

Kuchele_Damu
Hiyo "kawaida" ndiyo tunayoitaka. Andika ulichokula jana, kuanzia chai, usiruke hata karanga.

Mwenye_Genge
Chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu, vitumbua vinne. Saa 5 soda, maana friji iko nyuma ya kiti changu, sihitaji hata kusimama. Mchana wali wa nazi, maharage ya nazi, samaki wa kukaanga. Soda nyingine. Alasiri korosho, kiganja tu. Usiku ugali na mbaazi za nazi. Nikichelewa kufunga duka ndiyo nanunua chipsi yai.

Kama mnavyoona, hakuna cha ajabu.

Mzee_Newala
Nazi asubuhi, nazi mchana, nazi usiku. Umekuwa mnazi mwenyewe, mwanangu.

Sista_wa_Zamu
Mimi kazi yangu iko wodini, nisikilizeni kidogo. Chukua 118, gawa kwa 1.60 mara 1.60. Inakuja 46, ndiyo BMI yako, yaani uzito ukilinganishwa na urefu. Kuanzia 30 tunaita unene uliopitiliza, kuanzia 40 ni daraja la juu kabisa. Sikutishi, ila hapo mtu haanzi na unga wa kukoroga, anaanza na vipimo: presha, sukari, figo.

Soda mbili za kawaida zina sukari karibu gramu 70, sawa na kalori 280 hivi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Piga kwa siku 30 uone: kwenye makaratasi ni zaidi kidogo ya kilo kwa mwezi, na bado hujagusa sahani. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori 120. Korosho gramu 30, ndicho hicho kiganja chako, zinapita 160. Na kiganja cha mtu wa Mtwara tunakijua.

Chuma_Shangani, kilo moja ya msuli ukiwa umelala inakula kalori 13 hivi kwa siku. Hazifiki za kijiko kidogo cha sukari. Chuma ni kizuri, kinalinda msuli usiyeyuke pamoja na mafuta, lakini usimpe mtu ahadi ya uongo.

Chuma_Shangani
Sista wewe una vitabu, mimi nina kioo.

Binti_Mikindani
Naomba mnisome mpaka mwisho maana hiyo chai ya kwenye makopo imenigusa pabaya.

Mwaka 2022 mdogo wangu alikuwa anaolewa. Nguo yangu ya sare fundi alishashona, na kwa ubishi nilimwambia apunguze kiuno, nitapungua kabla ya siku. Jirani akaniuzia chai, pakiti nyekundu, maandishi ya kwao huko sijui hata lugha gani. Kikombe kimoja usiku. Asubuhi ya kwanza nilishinda chooni. Ya pili hivyo hivyo. Siku ya nne nikapanda mzani, kilo nne hazipo! Nani angeacha? Kwenye vikao vya harusi watu wananisifu, "umependeza, unatumia nini", nami najibu ni maji ya uvuguvugu na limao. Nikaongeza, vikombe viwili.

Wiki ya tatu nikaenda kumwona shangazi Msangamkuu. Tuko kwenye kivuko, nimesimama kati ya bodaboda na mama mmoja wa dagaa. Masikio yakaanza kulia ziii, halafu bahari ikawa nyeusi. Nilipozinduka kichwa changu kimelalia ndoo ya dagaa, magamba mpaka kwenye kope, yule mama ananipepea na kanga huku anawaambia watu "ana mimba huyu". Nikapelekwa hospitali, nikatundikiwa dripu. Daktari akasema maji hakuna mwilini na potasiamu imeshuka, moyo unadunda kwa kusuasua. Akaomba pakiti aione, akanusa, akasema inanuka kama sanamaki. Kumbe wiki tatu nilikuwa nalipa hela nyingi kwa dawa ya kuharisha.

Nikampigia muuzaji. Unajua alinijibu nini? "Mwili unatoa sumu hiyo, endelea."

Zilitoka kilo 9. Zilirudi 12. Kilichotoka yalikuwa maji na, samahanini, mavi. Nguo ya harusi ilinipwaya, baadaye ikawa hainipiti mabegani.

Afya_Asilia_Kusini
Pole dada, hiyo ilikuwa feki. Yangu ni mimea mitupu, haina madhara, na inasafisha mpaka mirija. Mwenye_Genge njoo chemba nikupe bei ya wana jukwaa.

Kuchele_Damu
Hata sanamaki ni mmea mtupu.

Mzee_Newala
Mnazunguka bure. Achana na sembe, rudi kwenye ugali wa muhogo. Wazee wetu walikula makopa na ming'oko maisha yao yote, nani alikuwa na kitambi?

Mlo_Mmoja
Mzee muhogo ni wanga mtupu. Bora dona.

Mzee_Newala
Dona mmeletewa juzi.

Kuchele_Damu
Mzee wangu, shikamoo. Hao wazee wa Newala maji waliyapata wapi? Bibi yangu alikuwa anashuka bondeni alfajiri, anarudi anapanda ule mlima na ndoo kichwani, halafu anashika jembe. Wewe mpe leo bajaji mpaka mlangoni na ugali uleule, uone kama hatapata kitambi.

Mzee_Newala
Marahaba. Bibi yako nadhani nilimfahamu.

Sista_wa_Zamu
Unga mkavu wa sembe, dona au muhogo, nguvu yake kwa gramu inakaribiana sana. Dona ina pumba na protini kidogo inayokushibisha, muhogo una uhaba wa protini. Kinachopishana hasa ni ukubwa wa bonge. Weka ngumi moja ya ugali, nusu ya sahani iwe kisamvu au mchicha usioogelea kwenye nazi, na mbaazi ziwe nyingi. Mbaazi tunazo za kumwaga huku kwetu, tunaziuza kwa magunia halafu tunatafuta protini kwenye kopo la 230,000!

Sasa wewe mwenye uzi, hujajibu la kuumwa.

Chuma_Shangani
Na mkuu ukija jimu siku ya kwanza vua shati ujipige picha, utanishukuru baada ya miezi mitatu.

Mwenye_Genge
Nivue shati wapi? Mimi ni mama jamani, "mkuu mkuu" nimewaacha tu. Wanangu watatu.

Kuumwa siumwi. Natumia tu dawa za presha, nilisahau kuandika. Na goti la kulia linanisumbua nikipanda ngazi.

Binti_Mikindani
ULISAHAU???

Kuchele_Damu
Ukurasa wa pili ndiyo tunaambiwa ni mama, ana presha na goti. Kesho atatuambia yuko Songea.

Sista_wa_Zamu
Dada yangu, na sindano ya uzazi wa mpango unachoma?

Mwenye_Genge
Ya miezi mitatu. Huu mwaka wa nne. Inahusika?

Sista_wa_Zamu
Kwa baadhi ya wanawake inaongeza uzito, ndiyo. Usiiache kienyeji ukaja kutuletea habari ya mtoto wa nne, ila waulize kliniki kuhusu njia nyingine.

Kuhusu presha, angalia jina la dawa yako. Kama ni ya kukojosha, halafu unakunywa chai ya kuharisha juu yake, utamfuata Binti kwenye ndoo ya dagaa. Kufunga nako usikurupuke kabla sukari haijapimwa. Kama una kisukari na unameza dawa za kukishusha, mlo mmoja unaweza kukuangusha. Na uzito ukishuka dawa za presha huenda zikahitaji kupunguzwa, kwa hiyo upimwe mara kwa mara, siyo mara moja kwa mwaka.

Kasi nzuri ni nusu kilo mpaka kilo kwa wiki. Wiki za mwanzo zitakimbia zaidi, hayo ni maji, usisherehekee sana. Ukiporomoka haraka mno unaweza kupata hata vijiwe vya nyongo. Kilo 35 ni kazi ya mwaka au zaidi. Lakini huhitaji zote ndipo uone nafuu: zikitoka 6 mpaka 12 presha huwa inaanza kutii. Na goti, kila kilo inayotoka inalipunguzia goti mzigo wa kilo kama nne kwa kila hatua.

Mlo_Mmoja
Mimi nina presha na nafunga, sijafa.

Sista_wa_Zamu
Hongera. Wodini hatuwaoni waliopona, tunawaona wengine.

Binti_Mikindani
Dada njoo Shangani jioni. Maji yakitoka mchanga unakuwa mgumu, unatembea bila goti kulalamika. Mimi nilianza na dakika 10 kwenda, 10 kurudi, naona aibu kama nini. Sasa natembea saa nzima siku tano. Nimetoa 14 kwa mwaka na nusu, polepole, hazijarudi. Na ukichoka unaingia majini mpaka kifuani unatembea humohumo, mwili unakuwa mwepesi kabisa.

Mwenye_Genge
Niingie baharini na baibui langu?

Binti_Mikindani
Dera na kanga kiunoni. Wenzako tupo kibao.

Chuma_Shangani
Kutembea bado ni usafiri.

Mwenye_Genge
Nimeshukuru. Jumanne nakwenda kupima, nimeshamwambia mdogo wangu akae dukani. Soda nimezihamishia friji la mbele, la kwangu nimeweka maji, ila jana nilizunguka mpaka mbele nikaichukua. Moja lakini, siyo mbili.

Bado sijaelewa hela niipeleke wapi. Jimu kuna ngazi mpaka ghorofa ya pili, goti ndiyo hilo. Nikitembea Shangani hela inabaki, na hela ikibaki naijua itaishia wapi.

Kuchele_Damu
Ungesema ngazi tangu mwanzo tungeshalala.

Fundi_Spoku
Nimeusoma uzi wote kimya kimya. Mimi nauza baiskeli ya kike, Phoenix, buluu, ya mke wangu. 130,000. Goti halibebi uzito kwenye baiskeli, uzito unabebwa na kiti, pandisha tu kiti juu mguu unyooke vizuri. Iko Chuno.

Mzee_Newala
Mwanamke na baiskeli mjini?

Binti_Mikindani
Mzee, Mikindani mpaka mjini ni kilomita 10 na ushee, na nauli unazijua. Acha watu waendeshe.

Kuchele_Damu
Fundi hiyo ina keria nyuma? Namtafutia dada yangu wa Naliendele. Nakupa 110,000 kesho asubuhi.

Mwenye_Genge
Ee Kuchele, uzi ni wangu! Mimi ndiye wa kwanza. Fundi, ila niambie ukweli, itanibeba? Kilo 118 siyo mchezo.

Fundi_Spoku
Msimu wa korosho nilikuwa napakia gunia la kilo 80 kwenye keria na mimi niko juu, na mimi si mwembamba. Spoku nitakufungia mpya za nyuma. Kiti tu ndiyo kina ufa kidogo.

Mwenye_Genge
Ufa mkubwa kiasi gani?

Fundi_Spoku
Ngoja nimuulize mama watoto, bado sijamwambia kama naiuza.